Mtoto aanze na chombo gani cha muziki? Mwongozo kwa wazazi wa Mombasa

Swali hili haliishi. Shule zikikaribia kufungwa tu aja mzazi, "mwanangu ana miaka sita, yuwapenda muziki sana, nimnunulie kibodi ama gita?", huyo hajamaliza kujibiwa mwengine ashauliza lile lile, umri tu ndio umebadilika. Kwa hivo nimeamua kuandika yote mahali pamoja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Jibu langu kwa ufupi: mwalimu kwanza, chombo baadaye. Wazazi wengi wafanya kinyume. Wapita mjini waona gita limening'inizwa dukani, la samawati, lang'aa, wanunua, wafika nalo Mtwapa ndio waanza kuulizana nani atamfunza mtoto. Baada ya wiki mbili gita liko juu ya kabati na lawama zote zamwangukia mtoto ati hana bidii. Jamani mtoto wa miaka saba hawezi kujifunza gita peke yake kwa video za simu, wanaoweza ni wachache na mara nyingi nyumbani mwao mna mtu mzima anayepiga.

Kama wewe mwenyewe hujui muziki hata kidogo usijali, hapa hatusomi noti.

KABLA HUJAANZA UWE NA HIVI

- Tepu ya fundi wa nguo. Utampima mtoto.
- Penseli moja ya kawaida, utaiona kazi yake kwenye hatua ya sita.
- Simu yenye programu ya kutuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi. Za bure ziko nyingi, weka moja ukiwa na intaneti ya nyumbani usije ukahangaika dukani.
- Pesa uzigawe mapema. Ukiwa na elfu kumi usimalize zote kwa chombo, bakisha angalau theluthi ya masomo ya mwanzo na vitu vidogo vidogo kama mkoba na nyuzi za akiba.
- Dakika 15 za kila siku ambazo haziingiliani na madrasa, homuweki wala kulala. Kama ratiba ya mtoto imejaa kutoka asubuhi mpaka isha basi subiri likizo, sikutanii.
- Makubaliano ya nyumba nzima. Hili watu hulipita haraka alafu lawarudia. Ziko familia zetu ambazo vyombo vya nyuzi na vya kupuliza havikubaliwi lakini dufu na kasida ni sawa, na ziko ambazo babu atasema muziki ni wa wahuni. Yamalizeni wazee kwa wazee kabla chombo hakijaingia mlangoni, manake mtoto akinunuliwa kitu alafu anyang'anywe ataumia kuliko angekosa toka mwanzo. Na kama ni dufu ndilo linalokubalika, dufu ni chombo kamili, mapigo yake si mchezo, asikudanganye mtu.

HATUA YA 1: Mpeleke akaskie kwa masikio yake

Sio video. Mpeleke mahali chombo chapigwa aone mtu akikishika na sauti ikitoka. Kwa hili Mombasa hatuna shida: harusini kuna taarabu, kanisani kuna kwaya na kinanda, kwenye maulidi kuna dufu, ukienda kwa Wamijikenda utapata kayamba na ngoma, mahoteli ya ufuoni yana bendi. Huu ndio mji wa bango, ule muziki wetu wa pwani, ya Mzee Ngala na saksafoni yake, na udi (kile chombo cha nyuzi cha taarabu) ya Zein l'Abdin iliskika hapa miaka na miaka. Hata taarabu ya kina Zuhura Swaleh na Maulidi Juma ilikuwa na taishokoto, chombo cha Kijapani kile chenye vitufe kama vya taipureta, kikafika hapa kikawa chetu.

Mwangalie anaangalia nini. Wengine macho yote kwa mpiga ngoma, wengine wasogea karibu na mwenye kibodi. Mkifika nyumbani usimuulize "wataka chombo gani", atakujibu kile alichokiona mwisho. Kaa kama wiki hivi, alafu muulize ni sauti gani anaikumbuka, akuimbie. Atakayoimba ndiyo.

HATUA YA 2: Tafuta mwalimu, tena wa karibu

Sasa una vyombo viwili vitatu ambavyo mtoto amevipenda. Ulizia ni kipi kina mwalimu unayeweza kumfikia. Mpiga kinanda wa kanisa, mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, wapiga taarabu, na wale wanamuziki wa mahoteli, hawa wengi hupiga usiku na mchana wako huru, msimu wa wageni ukipungua ndio kabisa, utapata mtu mwenye ujuzi mkubwa kwa bei ya kuongea.

Maswali ya kumuuliza: umewahi kufunza watoto wa umri huu? (kupiga vizuri na kufunza mtoto ni vitu viwili mbalimbali), mtoto aje na chombo chake ama utampa cha kuanzia, na ni saizi gani ya chombo wapendekeza. Mwalimu asiyetaka kujua umri wa mtoto kabla ya kukujibu saizi, tafuta mwengine.

Onyo: masomo yafanyike mahali pa wazi, na wewe ama mtu mzima wa nyumbani akae hapo hapo. Mwalimu mzuri hakasiriki kwa hilo.

Na umbali uuchukulie kwa uzito. Mwalimu yuko Nyali na nyinyi mwakaa Likoni, kila somo ni feri kwenda na feri kurudi, foleni ikiwa mbaya somo limeenda. Mwezi wa kwanza mtajikaza, wa pili mtaanza kusema "leo tupumzike". Afadhali mwalimu wa kawaida wa mtaa wa pili.

HATUA YA 3: Mpime mtoto

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na kosa kubwa ni lile la "nitamnunulia kubwa atakua nalo". Viatu sawa, chombo hapana. Chombo kikubwa chamfunza mtoto kukaa vibaya, bega lapanda, kifundo cha mkono chakunjika, na tabia hizo kuziondoa baadaye ni kazi.

Miaka 3 mpaka 5: usinunue kitu cha gharama. Kayamba, ngoma ndogo, dufu, makofi, kuimba. Kayamba mimi naipigia debe sana manake ni matete na mbegu ndani basi, haitaki stima, haina uzi wa kukatika, na mtoto ajifunza kushika mapigo. Mapigo ndiyo yanayowatesa watu wazima wanaoanza ukubwani, mtoto aliyeyashika mapema akija kupewa chombo chochote aenda mbio.

Miaka 5 na 6: kibodi ama ukulele. Kibodi ni rahisi kuanza nayo kwa sababu moja, ukibonyeza sauti yatoka sawa hapo hapo, hakuna kutuni, na mtoto aona kwa macho sauti nene ziko kushoto nyembamba ziko kulia. Ukulele ina nyuzi nne tu, za nailoni, haziumizi sana. Ile ya soprano ina urefu wa kama sentimita 53, ya konsati kama 58, kwa mtoto mdogo yoyote kati ya hizi ni sawa.

Kuanzia 7: rekoda, ile filimbi ndogo ya soprano. Ni ya bei nafuu kuliko zote na shule nyingi za Kenya zaifunza, kwa hivo aweza kupata mwalimu bure darasani. Mwambie aweke vidole kwenye matundu yote, kama kidole cha pete hakifuniki tundu lake vizuri subiri miezi kadhaa. Kuna za mfumo wa baroki na za Kijerumani, zatofautiana vidole vyapangwaje, nyuma mara nyingi huandikwa B (baroki) ama G (Kijerumani). Muulize mwalimu wa shule watumia ipi, kama hana neno chukua B.

Gita: saizi ya nusu kwa miaka 5 mpaka 8 hivi, robo tatu kwa 8 mpaka 11, lakini usitegemee umri, watoto hawalingani. Akae kwenye kiti, gita juu ya paja, mkono wa kulia uvuke mwili wa gita bila bega kupanda, wa kushoto ufike mwisho wa shingo na kiwiko bado kimekunjika kidogo. Likimshinda hilo ni kubwa. Na liwe la nyuzi za nailoni, la nyuzi za chuma mwachie mpaka vidole vikomae.

Fidla: hapa ndipo tepu yafanya kazi. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, pima kutoka shingoni mpaka katikati ya kiganja. Kama sentimita 47 ni ya robo, 51 ni ya nusu, 56 ni ya robo tatu, ikifika 58 hadi 60 ni saizi kamili. Akiwa katikati chukua ndogo. Na mjiandae, mwaka wa kwanza wa fidla nyumba yote yavumilia.

Udi: najua wazazi wa Mji wa Kale mwaitaka sana, na mimi naipenda kuliko vyote, ila tusidanganyane. Tumbo lake ni kubwa, shingo haina vile vyuma vya kuonyesha kidole kikae wapi, na nyuzi kwa kawaida ni 11, tano ni jozi na moja ya besi peke yake. Mtoto wa miaka sita haimkai kifuani. Miaka 9 ama 10 hivi kwenda juu, akiwa na mwalimu anayeketi naye. Kabla ya hapo ukulele itamtayarisha mkono wa kushoto, na kwenye taarabu aanze na dumbaki (ngoma ya mkono) ama rika (dufu ndogo yenye visahani), wapigaji wengi wazuri walianzia kwenye mapigo.

Tarumbeta na saksafoni: subiri meno ya mbele ya utu uzima yatoke yote na yakae imara, miaka 8 ama 9 kwa tarumbeta. Saksafoni ya alto yakaribia kilo mbili na nusu yaning'inia shingoni, hiyo ngoja mpaka 10 au zaidi.

HATUA YA 4: Angalia nyumba yako

Mwakaa Majengo ama nyumba za kupanga za ukuta mmoja? Ngoma na tarumbeta zitawagombanisha na majirani. Kibodi yenye tundu la hedfoni ndiyo suluhisho, ila sauti iwe chini, masikio ya mtoto hayarudi yakiharibika. Rekoda na ukulele hazifiki mbali. Ongea na jirani mapema, mwambie saa ngapi mtoto atapiga, na chagua saa isiyogongana na adhana na swala, kama baada ya alasiri kabla hajaenda kucheza.

Kama stima yenu yapotea na kurudi kila mara, kibodi ichomolewe ikishatumika. Ile kurudi kwa nguvu ndiyo huunguza.

HATUA YA 5: Azima kwanza

Kama kuna njia yoyote ya kuazima ama kukodi mwezi mmoja, fanya hivo. Mwalimu huenda anacho, kanisa huenda lina kibodi ya zamani, binamu aliacha gita lake. Mwezi mmoja watosha kujua kama mtoto akishika chombo bila kusukumwa ama ilikuwa hamu ya wiki moja.

HATUA YA 6: Nenda ukanunue, na usinunue bila kujaribu

Nenda na mwalimu. Ukimlipa nauli na soda bado umeokoa pesa nyingi.

Kibodi. Kii (vile vibonyezo) zisipungue 61 na ziwe za upana wa kawaida, zile ndogo za kuchezea zamharibu mtoto vidole. Bonyeza moja taratibu alafu kwa nguvu, sauti ibadilike, kama haibadiliki hiyo ni ya kuchezea tu. Kama ni mtumba bonyeza KILA kii, nyeusi na nyeupe, moja moja, usione haya, muuzaji akinung'unika mwache anung'unike. Fungua mahali pa betri uangalie kutu na unga mweupe. Ongeza sauti mpaka juu uskie kama spika yakwaruza.

Alafu adapta, hapa skizeni vizuri. Kibodi nyingi za mtumba zatoka Japani ama Marekani ambako stima ni volti 100 ama 120. Yetu ni 240. Ukichomeka ilivo yaungua pale pale na muuzaji hakurudishii. Soma maandishi ya adapta, ikiwa imeandikwa 100-240V ni salama. Ikiwa ya volti 100 ama 120 peke yake, nunua adapta nyengine yenye volti za kutoa sawa na zile zilizoandikwa nyuma ya kibodi, na alama ya chanya na hasi iwe ile ile. Hujui kusoma hizo alama, mpelekee fundi wa redio, ni kazi ya dakika mbili.

Gita na ukulele. Shika gita uangalie shingo kwa jicho moja kutoka juu kwenda chini kama seremala akaguavyo ubao, isiwe imepinda. Toa penseli yako, jaribu kuipitisha chini ya nyuzi pale shingo inapokutana na mwili. Kwa gita la mtoto penseli ikipita bila kugusa, nyuzi ziko juu mno, mtoto hataweza kuzibonyeza, liache hapo hata likiwa zuri vipi. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo uone vyuma havikwaruzi. Litunini kwa simu mkiwa hapo hapo, msubiri kidogo, mlipime tena.

Onyo kubwa: gita la nyuzi za nailoni usilitie nyuzi za chuma. Zavuta kwa nguvu zaidi, zang'oa kile kibao cha chini kinachoshikilia nyuzi ama kupinda shingo. Wauzaji wengine watakuambia "zote ni sawa tu". Si sawa.

Fidla iwe na upinde, roseni (utomvu mkavu wa kupaka upinde) na kasha lake, usinunue vipande vipande. Rekoda nunua mpya kila mtoto yake, hiki ni kitu cha mdomoni.

HATUA YA 7: Mwezi wa kwanza

Dakika 10 mpaka 15 kila siku, sio saa nzima Jumamosi. Chombo kikae mahali mtoto akiona na kukifikia, lakini mbali na dirisha, hewa yetu ya chumvi na unyevu si rafiki wa nyuzi wala mbao. Akimaliza apanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu. Ndani ya kasha tia vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, vyanyonya unyevu (viwe mbali na watoto wadogo, si vya kula). Usikiache kwenye gari lililopigwa na jua, gundi yalainika na mbao zaachana. Kibodi ifunike na kipande cha leso, mavumbi na siafu wapenda kuingia humo.

Na usimlazimishe kupigia wageni.

MATATIZO YANAYOULIZWA SANA

"Ukulele mpya, kila nikituni yashuka." Haina ubaya. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka siku kadhaa, tuni kila siku, zitatulia.

"Fidla mpya haitoi sauti kabisa, upinde wateleza tu." Upinde mpya hauna roseni. Ipake roseni kwenye manyoya kwa kwenda na kurudi mara nyingi, roseni mpya ikikataa ikwaruze kidogo kwanza.

"Kile kibao kinachoshikilia nyuzi za fidla kimeanguka." Usikigundishe! Hakikuwa na gundi, chashikwa na nyuzi. Legeza nyuzi kidogo umpelekee mwalimu akisimamishe.

"Rekoda yapiga mluzi mkali." Apulize polepole kama anayepoza chai, alafu angalia kidole gumba cha nyuma, mara nyingi hakifuniki. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, maji ya moto yataipinda.

"Vidole vyauma." Mwanzoni ni kawaida kwa nyuzi, vitakomaa ndani ya wiki chache. Apige vipindi vifupi. Ikiwa kifundo ama bega ndilo linalouma, hiyo si kawaida, rudi hatua ya tatu.

"Kii moja ya kibodi hailii." Huwa ni uchafu ama kutu ya ndani. Usimwagie chochote, fundi wa redio ataifungua na kuisafisha.

"Amechoka, ataka chombo chengine." Muulize mwalimu kwanza kama ni chombo ama ni somo ndilo limekuwa gumu. Mkubaliane amalize muhula, alafu kama bado ataka kubadilisha mwache abadilishe, alichojifunza chahama naye. Chombo cha zamani kiuze kikiwa bado kizima, wazazi wanaotafuta ndogo ndogo ni wengi.

"Mtoto wangu atumia mkono wa kushoto." Kibodi, rekoda, fidla, aanze kama wenzake, mikono yote miwili yafanya kazi. Kwa gita mwache alishike anavotaka mbele ya mwalimu waamue pamoja, ila msigeuze nyuzi za gita la kawaida wenyewe nyumbani, mikato ya kushikilia nyuzi imepimwa kwa unene wa kila uzi na ukiigeuza uzi mnene hauingii mahali pake.